Kiwavi anayeganda, nyuki anayejipasha: shajara ya mradi wa wadudu wawili wa tundra

Mradi ni bango moja na majaribio matatu ya mezani kwa ajili ya darasa letu la Kiswahili la Jumamosi hapa Edmonton, Kanada. Wadudu wanaolinganishwa ni kiwavi wa nondo aitwaye Gynaephora groenlandica na nyuki aitwaye Bombus polaris. Wote wawili wanapatikana kwenye tundra, yaani nchi ya baridi isiyo na miti mirefu, ya kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa nchi hii, ambako jua halizami kiangazi kizima na halichomozi kwa miezi kadhaa ya majira ya baridi. Hakuna mdudu hai anayetumika. Kila kitu ni mfano uliotengenezwa kwa vifaa vya dukani. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika ili anayetaka kurudia aanzie pale nilipofika. Bei zote ni dola za Kanada.

4 Januari 2025: Kuchagua wawili

Wazo la kwanza lilikuwa mbu na kiwavi. Mbu wa Aktiki, Aedes nigripes, ni maarufu kwa kuandama reno, kulungu wa kule, na mbu hana haja ya kutambulishwa kwa Mswahili yeyote. Lakini kila nilipoandika habari zake, hazikugusana na za kiwavi. Huyu ananyonya damu, yule anakula majani, basi. Ulinganisho wa vitu visivyokutana popote ni orodha mbili zilizobandikwa ubavuni.

Nyuki alishinda kwa sababu ya mmea mmoja. Tundra ya Ellesmere ina mwerebi wa Aktiki, Salix arctica, mti ambao haujasimama hata kidogo. Unatambaa ardhini, na mara nyingi haufiki kwenye goti. Kiwavi anakula majani yake kuliko majani ya mmea mwingine wowote. Malkia wa nyuki, akitoka ardhini mwanzoni mwa kiangazi, anategemea vishada vya maua ya mti huohuo kwa chavua na mbochi, maji yake matamu. Mmea mmoja una wateja wawili, na kila mmoja ana haraka yake.

Kuna jambo la pili lililonipa moyo. Mtaalamu Bernd Heinrich amewapima wote wawili. Mwaka 1988 yeye, Olga Kukal na John Duman walichapisha utafiti kuhusu jinsi kiwavi huyu anavyojipasha kwa jua. Mwaka 1993 alichapisha na mwenzake Vogt utafiti kuhusu joto la tumbo la nyuki wa Aktiki. Kwa hiyo swali la joto linawahusu wote, na majibu yapo.

Kwa wasomaji walioko nyumbani: nyuki huyu si wa asali tuliyemzoea, na jamii yake haipo kiasili kusini mwa Sahara. Ni mnene, ana manyoya mwili mzima, na kundi lake ni dogo. Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa makenchi ya paa ni jamii nyingine.

11 Januari: Jedwali la kwanza limetupwa

Jedwali lilikuwa na safu za rangi, ukubwa, chakula, umri, na "anastahimili baridi kiasi gani". Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoharibu kila kitu. Kiwavi huyu aliyeganda anaweza kuhimili hadi nyuzi −70. Malkia wa nyuki yeye hujichimbia udongoni, chini ya theluji, mahali ambapo baridi ya juu haifiki yote. Ukiweka namba hizo pamoja, mtoto anaona mashindano: kiwavi bingwa, nyuki mwoga. Na hilo si kweli hata kidogo, kwa sababu nyuki anaruka hewani katika hali ya hewa ambayo kiwavi hawezi hata kujisogeza vizuri.

Safu zote zimefutwa. Yamebaki maswali mawili tu: joto linatoka wapi, na linatumika kwa kazi gani? Kiwavi joto lake ni la jua, la bure, na anahitaji kusaga chakula tumboni. Nyuki joto lake ni la sukari, anailipia kwa safari, na sehemu kubwa inakwenda kwenye mayai na watoto. Bango zima linajengwa juu ya hayo.

Safu ya umri nayo ilibidi ipakwe rangi upya. Vitabu vingi vya watoto bado vinasema kiwavi huyu anaishi miaka 14 kabla ya kuwa nondo. Makadirio hayo yalitoka kwa Kukal na Peter Kevan mwaka 1987. Mwaka 1998 W. Dean Morewood na Richard Ring waliyarudia: wakakuta hatua saba za ukuaji, na kiwavi hujivua ngozi mara moja kwa mwaka. Miaka ikashuka hadi 7. Ukiona 14 mahali, ujue wamenakili kitu cha zamani.

Gharama: kipande cha mbao nyembamba 14, rangi 11. Rangi ya kufutia ile miaka 14 ilikuwepo.

19 Januari: Gliserini, jaribio linalodanganya

Kiwavi anapojiandaa kwa baridi mwili wake hutengeneza gliserini, ileile inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya ngozi. Nilipima kwa mizani ya jikoni, kwa uzito: chupa ya maji matupu, ya asilimia 20, ya 40 na ya 60. Zote zikaingia friza, ambayo kipimajoto changu kinasema ni nyuzi −18.

Asubuhi maji matupu yalikuwa jiwe na chupa yake ya kioo imepasuka. Tumia plastiki, na ujaze robo tatu tu. Ile ya 20 ilikuwa imeganda, ingawa ukiisukuma kwa kijiti inaingia. Ya 40 ilikuwa uji wa barafu. Ya 60 ilimiminika taratibu kama asali, haina hata chembe ya barafu. Ndivyo inavyotakiwa: mchanganyiko wa asilimia 20 huanza kuganda karibu na −5, wa 40 karibu na −15, na wa 60 hauanzi mpaka karibu −35.

Jaribio limefaulu, na ndiyo sababu nimelitoa bangoni. Mtu yeyote akiona chupa ya 60 atasema: kumbe kiwavi ana dawa ya kuzuia kuganda, kama ile ya rejeta ya gari. Sivyo. Wapo wadudu wanaoishi hivyo, lakini huyu si mmoja wao. Huyu anaganda kweli. Ukimshika wakati wa baridi ni mgumu kama kokoto, na barafu imo ndani yake. Kazi ya gliserini kwake ni kulinda seli wakati barafu inajijenga nje ya seli. Jaribio langu lilionyesha mdudu mwingine.

Gharama: gliserini chupa mbili 17.

2 Februari: Rangi nyekundu

Hatua hii ilichukua muda kuliko zote. Nilitaka mtu aone kwa macho kwamba kitu kinaweza kuganda na bado kikabaki na sehemu isiyoganda.

Njia: mchanganyiko wa gliserini asilimia 10, matone machache ya rangi nyekundu ya keki, bilauri ya plastiki inayopitisha mwanga. Wiki hii nje kulikuwa na baridi ya chini ya −25, kwa hiyo niliiweka barazani nikidhani baridi zaidi ni bora zaidi. Ikaganda haraka mno. Rangi ilinaswa kila mahali, na nikapata donge la waridi lisilosema chochote.

Kilichofanya kazi ni kupunguza mwendo. Friza niliiweka kwenye namba yake ya chini kabisa, ikasimama karibu na −10. Bilauri niliifunga ubavuni na chini kwa ile plastiki nyepesi nyeupe inayokuja na televisheni mpya, juu nikaacha wazi. Hivyo barafu inaanzia juu na kushuka polepole. Baada ya usiku mmoja juu kulikuwa na sindano za barafu zilizopauka, karibu nyeupe, zimepandana. Katikati yake mishipa myembamba myekundu. Chini kabisa kimejikusanya kimiminika chekundu kilichokolea, kizito kuliko kilivyoingia. Nilitoboa kitako cha bilauri kwa msumari wa moto na kukichuja kwenye kichupa. Nikakirudisha friza ileile. Hakikuganda tena.

Hapo ndipo ilipo habari ya kiwavi. Barafu hutwaa maji matupu na kuacha kila kilichoyeyuka humo. Nje ya seli barafu inapoota, maji ya seli yanavutwa kwenda huko, na seli inasinyaa. Kinachobaki ndani ni kidogo na kizito, na kwa kuwa kina gliserini hakigandi wala seli haisinyai kupita kiasi. Mwili umeganda, ila vyumba vyake vya ndani havijaganda.

Jambo moja zaidi kwa anayetaka kwenda mbali. Chupa mpya ya maji ya kunywa, isiyofunguliwa, ukiilaza friza kwa saa mbili hivi bila kuitikisa, inaweza kushuka chini ya sifuri ikiwa bado maji. Ukiigonga mezani, barafu inakimbia ndani yake kwa sekunde chache, na kipimajoto kinapanda hadi sifuri. Kuganda kwa ghafla namna hiyo ndiko kunakoua. Kiwavi huanza kuganda mapema, kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, ili barafu ijengeke polepole. Jaribio hili halikufaulu kila mara kwangu, kwa hiyo limo kwenye shajara lakini halimo mezani.

Gharama: rangi ya keki 4.

15 Februari: Kiwavi wa udongo chini ya taa

Kiangazi cha Ellesmere kiwavi anatumia kama asilimia 60 ya muda wake kuota jua. Kula ni 20, kutembea 20. Anajilaza ubavu ukiwa umeelekea jua, na jua linapozunguka upeo wa macho naye anageuka. Hewa ikiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, mwili wake unaweza kuizidi kwa zaidi ya kumi. Bila hivyo chakula hakisagiki. Anaweza kushiba majani na bado asikue.

Nilitengeneza viwavi wawili wa udongo wa kuchezea wa kahawia iliyokolea, sentimita 5 kila mmoja, kihisi joto kimezamishwa katikati. Mmoja uchi, mmoja amevalishwa manyoya bandia.

Taa ya kwanza ilikuwa ya LED ya mezani. Mwanga mwingi, joto hakuna. Vihisi havikusogea. Taa za siku hizi zimeundwa zisipoteze umeme kwa joto, na hapa joto ndilo tunalotafuta. Suluhisho ni taa ya kupashia mijusi ya kufugwa, inauzwa duka la wanyama. Tanzania na Kenya tumia taa ya vifaranga, ni kitu kilekile.

Tatizo la pili: kihisi kilichokuwa kimechomoza kidogo kwenye udongo kilipigwa na taa moja kwa moja, kikasoma joto lake chenyewe. Kizamishe chote, na waya wake uutoe upande wa chini.

Tatizo la tatu lilikuwa na maana zaidi. Manyoya ya kwanza yalikuwa ya kijivu, mazito. Kiwavi mwenye manyoya akawa baridi kuliko aliye uchi, kwa sababu manyoya yalimtia kivuli. Nikabadilisha kwa ya kahawia, nikayapunguza kwa mkasi mpaka ngozi ya udongo ikaonekana kwa mbali. Hata hivyo, hewa ikiwa imetulia, aliye uchi bado aliongoza: alipanda nyuzi 17 juu ya chumba, mwenye manyoya 15. Nilikuwa karibu kuandika kwamba manyoya hayana kazi.

Kisha nikawasha feni ndogo. Aliye uchi akaporomoka hadi nyuzi 5 juu ya chumba. Mwenye manyoya akabaki kwenye 10. Tundra haina miti ya kukinga upepo, na hakuna siku ya feni kuzimwa kwa muda mrefu. Basi jaribio lifanywe na feni tangu mwanzo, na lile la hewa tulivu lionyeshwe baadaye kama swali.

Ukimgeuza kiwavi kichwa kielekee taa badala ya ubavu, joto linashuka ndani ya dakika chache. Watoto wamelipenda hilo kwa sababu wanaligeuza wenyewe.

Gharama: taa na kishikio 24, manyoya bandia mara mbili 13, vihisi viwili 22, feni ya USB 9.

1 Machi: Nyuki wa rezista

Nyuki haoti jua akasubiri. Misuli yake ya kurukia inatetemeka huku mabawa yametulia, inachoma sukari, na kifua kinapanda joto. Chini ya nyuzi 30 hivi kifuani haruki. Ndiyo maana siku ya hewa ya nyuzi chache, kiwavi akiwa amelala, malkia wa nyuki anaonekana anavuma juu ya theluji inayoyeyuka.

Kifua nilikifanya kwa mpira mdogo wa udongo wa sentimita 3, ndani yake rezista ya umeme kama jiko na kihisi pembeni, nje manyoya bandia. Nyuki halisi ni mdogo zaidi, lakini rezista ndogo kuliko hapo zinanishinda kushika.

Jiko la kwanza: betri ya volti 9 na rezista ya omu 33. Ilinuka, kisha ikatoa moshi, manyoya yakaungua upande mmoja. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi redio wa zamani, aliishika akacheka. "Mwanangu, rezista ya robo wati unaipa wati mbili na nusu. Utaipasua." Hesabu yake ni sahihi: volti 9 mara 9, gawa kwa 33. Akanielekeza chaja ya simu ya volti 5 na rezista ya omu 47 ya wati 2. Hapo inatoa nusu wati tu na haichoki. Pawa benki usijaribu. Nyingi zinahisi mkondo ni mdogo mno, zinadhani simu imejaa, zinajizima.

Jokofu la kawaida, upande wa maziwa, lina nyuzi 4. Hiyo ni hewa ya mwezi Juni kule bila kupanda ndege. Waya mwembamba unapita kwenye mpira wa mlango bila shida.

Kifua bila manyoya kilisimama kwenye nyuzi 23. Huyo haruki. Kifua chenye manyoya, jiko lilelile, kilifika 35. Huyo anaruka.

Kisha hesabu ya sukari, ambayo nimeiandika bangoni kwa herufi kubwa. Nusu wati kwa saa moja ni jouli 1,800. Gramu moja ya sukari ina jouli kama 17,000. Kwa hiyo mfano wetu unakula takribani sehemu moja ya kumi ya gramu kila saa, kwa kukaa tu na joto. Mimina sukari kiasi hicho mezani: ni chini ya kibano cha vidole viwili. Sasa iwaze katika maua madogo ya tundra yenye tone dogo la mbochi kila moja, halafu kiwavi pembeni hatumii hata punje.

Gharama: rezista pakiti 6. Chaja ilikuwepo.

15 Machi: Kiuno cha nyuki

Hii sikuipanga mwanzoni. Katika kiuno chembamba cha nyuki, kati ya kifua na tumbo, damu ya moto na ya baridi hupishana kwa karibu na kuachiana joto, hivyo joto la kifua linaweza kubaki kifuani. Nyuki akitaka, analiruhusu lishuke tumboni. Heinrich na Vogt walikuta kwamba malkia wa polaris hulifanya hilo hata akiwa safarini kutafuta chakula: tumbo lake lina joto kuliko la vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, na la madume. Sababu ni mayai. Kiangazi ni kifupi, na mayai yasipokomaa upesi hakuna kundi.

Nilitengeneza tumbo, mpira wa pili wenye manyoya na bila jiko. Nikauunga kwa kijiti cha meno: kifua 35, tumbo nyuzi moja au mbili tu juu ya hewa ya jokofu. Nikatoa kijiti, nikaunga kwa kipande cha waya wa shaba wa nyumba, uliochunwa plastiki: tumbo likapanda hadi 18, lakini kifua kikaanguka hadi 22. Malkia amepasha mayai na sasa hawezi kuruka.

Kumrudisha juu ya 30 ilibidi niunge rezista ya pili sambamba na ya kwanza. Nguvu mara mbili, sukari mara mbili. Katika majaribio yote, hili ndilo ninalolipenda. Linaonyesha bei ya haraka. Malkia anatoka peke yake, anatafuta kiota cha zamani cha lemingi, yule panya mnene wa tundra, anakirekebisha, anataga, na anawalalia watoto kwa joto lake mwenyewe. Vibarua ni wachache, kizazi kimoja, halafu moja kwa moja madume na malkia wapya. Hao wapya wakipandana, wanaingia udongoni. Mama anakufa mwaka uleule.

Waya wa shaba ukiugusa tu udongo hausaidii. Uzamishe angalau sentimita moja kila upande.

29 Machi: Darasani

Bango lilikuwa na mistari saba ya kiwavi, kila mstari mwaka mmoja, na mstari mmoja wa nyuki. Katika kila mstari wa kiwavi nilipaka rangi sehemu anayokula tu: Juni, na kidogo sana zaidi ya hapo. Kwa nyuki nilipaka kuanzia malkia anapotoka hadi malkia wapya wanapoingia udongoni, karibu kiangazi chote.

Mtoto mmoja alisimama mbele ya mistari hiyo muda mrefu. "Mwalimu, Julai jua si lipo? Kwa nini asile?"

Hakuna jaribio langu linalojibu swali hilo. Jibu lina sehemu mbili. Majani ya mwerebi yana lishe bora yakiwa machanga, baadaye ubora unashuka. Na kadiri kiangazi kinavyosonga wanazidi maadui: nzi na nyigu wanaotaga kwenye viwavi ili watoto wao wawale wakiwa hai. Kukal na Kevan walikuta wanaua zaidi ya nusu ya viwavi. Kwa hiyo kiwavi anajisokotea kifukofuko ardhini wakati joto bado lipo, anafunga duka, na mwili wake unaanza hata kubomoa mitokondria, zile sehemu za seli zinazochoma chakula. Baridi ikifika inamkuta tayari.

Nyuki naye ana mwizi wake. Yupo nyuki jamaa yake, Bombus natvigi, ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa kitu kimoja na nyuki mwingine, Bombus hyperboreus. Jike lake halina vibarua. Huvamia kiota cha polaris, humuondoa malkia, na vibarua yatima humlelea watoto wake. Niliongeza ukanda mwembamba chini ya bango kwa maadui hawa wote, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hapakuwa na nafasi.

Mtoto mwingine aliuliza kama kiwavi "amekufa" kila majira ya baridi. Moyo umesimama, damu haitembei, hapumui kwa namna yoyote unayoweza kuiona. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Tulirudi kwenye bilauri nyekundu, nikamwonyesha kichupa cha kimiminika ambacho hakijaganda.

Mambo yaliyokwama siku hiyo: taa ya mijusi na feni kwenye tundu moja la umeme zilizima soketi ya ukumbi, kwa hiyo njoo na waya wa kuunganishia kutoka ukuta mwingine. Bilauri ya barafu iliyeyuka kabla ya kundi la pili. Andaa tatu, uzitoe kwa zamu.

5 Aprili: Jumla, na kwa wanaorudia

Nilichonunua ni dola 120 kamili, ukitoa vilivyokuwepo. Nusu ya fedha hizo inaepukika. Vihisi viwili vya bei nafuu vinatosha kwa majaribio yote ukivihamisha. Manyoya bandia kata kwenye ukosi wa koti la mitumba, tena hayo ni laini kuliko ya dukani. Kama huna friza, barafu iliyopondwa ukiichanganya na chumvi ya kawaida, sehemu tatu kwa moja, kwenye kasha la kubebea samaki, inashuka kinadharia hadi −21. Ukipata −15 inatosha kwa bilauri nyekundu, ila ifunge kwa tabaka mbili za plastiki nyepesi ili isigande haraka.

Kwa jaribio la nyuki, pima kwanza kifua bila tumbo, uandike namba, ndipo uunge kiuno. Ukianza na vyote viwili hutajua joto limepotelea wapi. Rezista zisiguswe kwa mkono zikiwa zimewashwa nje ya udongo, na taa ya joto isiachwe na watoto peke yao hata dakika moja.

Kinachofuata ni nondo mwenyewe, ambaye bangoni bado ni duara tupu. Baada ya miaka saba ya ukiwavi, nondo hali kitu, anaishi siku chache, na jike aghalabu hatagi mbali na kifukofuko alichotokea. Natafuta namna ya kumwonyesha jike huyo, mzito wa mayai, kwa kitambaa na waya. Mabawa ya karatasi ya kwanza yalikunjika yote kwa mvuke wa jokofu, kwa hiyo sasa najaribu kitambaa chembamba cha pazia kilichopakwa gundi ya mbao iliyoongezwa maji.